Nani Alifungua Folda

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi. Tunduma ya Juni haina adabu. Nimefika mezani saa mbili na robo na glavu zangu zilizokatwa vidole. Irene amenicheka, eti nafanana na muuza samaki wa kwenye friza. Steshenari ni yake, meza ya kona ni yangu, printa tunagawana.

Kazi ya kwanza ya kila mwezi: logi. Tovuti sita ninazozitunza ziko kwenye akaunti moja, na akaunti inaweka kumbukumbu ya kila anayepiga hodi. Siku, saa, anuani ya mtandao wake, alichotaka, alichojibiwa. Jibu ni namba. 200: karibu, ingia. 404: unachotafuta hakipo. 403: kipo, ila hukaribishwi. Hii ya mwisho naipenda kuliko zote, haina maneno mengi. Logi za makosa ziko ukurasa wa pembeni, mia tatu za mwisho tu, zikizidi za zamani zinaondoka.

Gesti ya Sogea: roboti elfu tatu, kutoka nchi ambazo ningezitafuta kwenye ramani kwa kidole, zinajaribu kuvunja neno la siri la gesti yenye vyumba tisa. Zingekuja tu, vyumba vipo! Wachimbaji wa Saza: wageni kumi na mmoja mwezi mzima, tisa kati yao ni mimi. Shule moja ya Ileje: makosa mia tatu kamili, yote ni picha ya mkuu wa shule haifunguki. Nitairekebisha wiki hii.

Yenye watu kweli ni ya Bosi Damiano, kampuni yake ya uwakala wa forodha pale karibu na geti la mpaka. Mteja anaingiza namba ya faili lake anaona mzigo umefika wapi. Nyaraka zao — ankara, nakala za pasipoti, vyeti vya mlipa kodi — zimo kwenye folda yenye kizuizi. Kila mmoja anaona lake tu. Niliitengeneza mimi, mwaka juzi, na sijawahi kupata malalamiko.

Tiki mbili nimeziacha zilivyo. Hifadhi logi kila siku. Mwezi ukiisha, futa za mwezi uliopita. Nafasi ni ndogo.

Jumatano, 11 Juni

Haraka haraka. Lucky amepiga saa nne na nusu kutoka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo. Huyu ni mteja wa Bosi Damiano, mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anauza spea za magari. Lori limezuiwa, anatakiwa aonyeshe ankara, akibonyeza kwenye tovuti anajibiwa 403. Ba Tusekile, mukwai, nisaidie, dereva analala hapa siku ya pili! Umeme hakuna, laptopu imezima. Nimeingia kwa simu, laini ya Zambia, maana ile ya huku haina bando. Nimemfungulia, nimemtumia linki, amefungua. Amesema natotela, asante ya kwao, mara nne. Nitafunga nikifika kwenye umeme.

Mama amepiga. Mjomba Gwamaka amefariki alfajiri. Naenda Itumba, gari la saa sita.

Jumapili, 15 Juni

Nimerudi. Barabara kutoka Isongole vumbi tupu, nimefika nywele nyekundu. Mjomba tumemzika Ijumaa, shambani kwake, juu kabisa — wabebaji walipumzika mara tatu. Mimi nilipewa kazi ya kuandika majina ya waliofika. Eti kwa sababu najua kompyuta. Niliandika kwa kalamu, siku tatu, kwenye daftari la shule. Mama ananiuliza kwa Kindali kama huko Tunduma ninakula. Ninakula.

Nimelala mchana wote.

Jumatano, 18 Juni

Kelele kwa Bosi Damiano. Amemtuma Jenista anifuate mezani. Jenista ni karani wake wa nyaraka. Anaishi ng'ambo kwa mama yake, Nakonde, asubuhi anavuka kuja kazini, jioni anavuka kurudi, kwa sababu mama magoti yamekataa. Njiani alitangulia mbio mbio. Kwa kawaida tunatembea tukipiga soga.

Mzee Ezron alikuwa amesimama katikati ya ofisi, simu ameinyanyua juu. Ni mteja wa zamani kuliko wote, tangu bosi akiwa na kiti kimoja. Nakala ya pasipoti yake imetokea kwenye grupu la madereva wa malori. Chini yake mtu ameandika: mzee kazeeka kwenye hii picha. Alimsogezea bosi simu usoni. Pasipoti yangu inazunguka kwenye magrupu kama picha ya harusi, alisema, nami nilikuja kwenu kwa sababu mnajiita watu wa Mungu! Tukapekua. Si yake tu. Nyaraka za wateja kumi na watano.

Tumedukuliwa, akasema bosi. Kwake kila kitu ni kudukuliwa. Mwezi wa tatu alidukuliwa, kumbe kipanya kimeisha betri.

Alitaka jambo moja tu: waliofungua zile nyaraka wako nchi gani? Nimepakua logi ya mwezi hapo hapo mezani kwake, mistari elfu hamsini na kitu, yeye anapumua juu ya bega langu. Nikachuja waliogusa folda ya nyaraka, nikaangalia anuani zao ni za nchi gani. Zambia, Zambia, Zambia, Zambia. Nikasema, Zambia.

Akamtazama Jenista. Ofisi nzima ilimwona anavyomtazama. Jenista akaangalia viatu vyake.

Alhamisi, 19 Juni

Nimerudi kwa bosi kusahihisha. Nilimweleza: Zambia ya kwenye logi si Zambia ya ardhini. Logi inasoma laini, haioni mtu amesimama wapi. Nusu ya Tunduma ina laini za ng'ambo mfukoni. Nikamwonyesha mstari wake mwenyewe wa Jumapili mchana, akiwa kwenye kochi lake Majengo, ambako mtandao wa huku hausomi ndani ya nyumba: Zambia. Alicheka mpaka akavua miwani.

Mimi ni mimi, mwanangu, alisema. Huyu binti ana mama huko. Ana kaka huko, na kaka anaendesha lori la washindani wetu. Lisemwalo lipo.

Nilikaa miaka yote nikidhani watu wa mpakani ndio wa mwisho kudanganywa na jina la nchi. Mtu mwenye laini mbili, shangazi wawili na makanisa mawili, moja huku lingine kule, akiona neno Zambia kwenye karatasi anashtuka kama hajawahi kulisikia. Karatasi ina nguvu yake.

Jenista ameambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Mchunguzi ni mimi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimesoma logi ya kampuni mstari kwa mstari, kuanzia tarehe moja. Jana na juzi nilikuwa nachuja, leo nimesoma.

Kuanzia tarehe moja hadi kumi: kila aliyegusa folda bila ruhusa, 403. Roboti, 403. Wadadisi, 403. Tarehe kumi na moja, saa nne na dakika arobaini na mbili: 200. Baada ya hapo 200 tu, hadi leo asubuhi.

Neno la siri la Jenista halikutumika. Hakuna neno la siri la mtu yeyote lililotumika. Mlango ulikuwa wazi, watu wakaingia.

Njia yenyewe inaonekana vizuri mno. Linki ya ankara ya Lucky ilifunguliwa mara moja. Baada ya robo saa, na simu nyingine. Jioni yake, simu thelathini na nne ndani ya saa moja — hiyo ni grupu. Tarehe kumi na tatu mmoja wao akakata mkia wa linki, akabakiza jina la folda, na seva ikamwekea orodha nzima ya faili kama menyu ya hoteli. Akachukua za watu kumi na watano, moja baada ya nyingine. Dakika sita. Mtu mpole, hana pupa.

Nimekwenda kulitazama faili la kizuizi. Limebadilishwa jina ili lisifanye kazi. Tarehe kumi na moja Juni, saa nne na dakika arobaini na moja. Wenye ufunguo wa akaunti ni wawili: mimi, na Bosi Damiano ambaye hajui hata pa kuandikia.

Nikafungua daftari hili. Jumatano, 11 Juni. Nitafunga nikifika kwenye umeme. Mwandiko wangu.

Kwa simu, kwa kidole kimoja, nilitaka kumfungulia mtu mmoja faili moja nikafungua folda nzima. Kisha nikaenda kuzika. Siku tisa! Hata niliporudi sikukumbuka, na juzi mezani kwa bosi sikukumbuka, nilikuwa na haraka ya kumpa jina la nchi.

Nimerudisha kizuizi saa tano kasoro dakika nane. Sasa ni 403 tena. Naona aibu. Nimeitafutia jina lingine, la kitaalamu, sikupata. Nimekunywa chai ya Irene yote bila kujua kwamba si yangu, na yeye hakuniuliza.

Jumamosi, 21 Juni

Lucky amepiga. Nasikia kuna kelele huko, ba Tuse. Ni ile linki? Nilimpa dereva, dereva mtandao wake mbovu, akaiweka kwenye grupu wenzake wamsaidie kupakua. Lakini mimi sijasema kitu kwa mtu, mukwai. Siri yako iko kwangu.

Siri yangu! Nilikuwa na kosa. Sikujua kama nina siri mpaka aliponihakikishia kwamba anaitunza. Nimemshukuru. Kwa nini nimemshukuru?

Jumatatu, 23 Juni

Nimekwenda kumwambia.

Nilijizoeza njiani, kutoka Sogea mpaka getini, katikati ya malori. Sentensi mbili tu: Bosi, folda niliifungua mimi tarehe kumi na moja kwa bahati mbaya. Jenista hahusiki. Nilizisema mara nyingi hata mpiga debe mmoja akaitikia.

Nimefika, kuna wageni wawili kutoka kata ya Mpemba, wenye mashine za kukoboa. Bosi akanivutia kiti yeye mwenyewe. Huyu ndiye fundi wangu, akawaambia, mtoto wa Ileje, hajawahi kuniangusha hata siku moja. Wanataka tovuti. Kati ya kazi zangu sita, nne zimetoka mdomoni mwa mzee huyu. Akinitema yeye, wengine hawatasubiri kuuliza sababu.

Akaniuliza uchunguzi umefikia wapi. Nikasema logi ni ndefu, naomba siku mbili.

Jioni Jenista amekuja mezani kwangu. Ameleta viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kontena, bado vya moto, amevuka navyo mpaka. Amekaa. Amekula kimoja yeye, mimi viwili. Halafu akauliza, dada Tuse, hiyo mitambo yako inaweza kuonyesha kwamba mtu hakufanya kitu?

Nikasema inaonyesha waliofanya. Asiyefanya haachi mstari.

Kitaalamu ni kweli. Nilimwona anavyolichukua lile jibu, analikunja, analiweka. Akasema basi sawa. Akaniambia mama yake bado hajui, kwa hiyo kila asubuhi yeye anavaa nguo za kazi na kuvuka kama kawaida, anashinda kanisani au kwa mama mchungaji, jioni anarudi. Watu wa geti wanamsalimia.

Nimejichukia leo. Naandika hivyo hivyo.

Jumatano, 25 Juni

Bosi ameamua. Kila Ijumaa asubuhi kabla ya kufungua ofisi wafanyakazi wake wanasali, wimbo mmoja na maombi. Ijumaa hii mchungaji atakuja, na kila mfanyakazi atashika Biblia aseme mbele za Mungu kwamba hakutoa nyaraka. Atakayeshindwa kushika tutamjua. Ameshafanya hivyo mara moja, ilipopotea mihuri, na mwenye nayo alijitokeza kabla ya wimbo kuisha. Kwa hiyo ana imani na njia hii kuliko logi zangu.

Mimi si mfanyakazi, siapi. Nitakuwepo na karatasi zangu kama shahidi. Nimeuliza kama shahidi haapi. Akasema wewe unaapa kwa kompyuta yako.

Nimeondoa ile tiki ya kufuta logi za mwezi. Zilikuwa zinakwenda kujifuta zenyewe tarehe moja, bila mkono wa mtu, na baada ya hapo ningeweza kusema sina ushahidi wa upande wowote na ingekuwa kweli. Kipanya kilikaa juu ya kile kiboksi muda mrefu. Nilipoibofya nilikuwa nimeshaona aibu mara ya pili.

Nimeprinti kurasa mbili. Ya kwanza orodha ya Zambia, ile anayoipenda bosi. Ya pili tarehe kumi na moja.

Ijumaa, 27 Juni

Saa moja na nusu tulikuwa ofisini, pumzi zinatoka moshi. Wafanyakazi saba, bosi, mchungaji, mama mchungaji, mimi. Jenista alikuja na gauni la kwaya. Biblia ya mchungaji ina jalada la zipu, aliifungua taratibu, tukawa tunaisikiliza zipu.

Mzee Yonasi, mlinzi, alianza. Aliapa kwamba hakutoa nyaraka, akaongeza kwa hiari yake kwamba hajui hata kutuma picha kwa simu. Hakuna aliyecheka. Wakafuata wengine. Kila mmoja sekunde kumi, anarudi mahali pake anafuta viganja kwenye nguo.

Nilikuwa nimeamua, na naandika hapa kwamba nilikuwa nimeamua. Karatasi ya pili ilikuwa juu, ya kwanza chini. Nilingoja wa mwisho amalize, nisimame.

Wa mwisho alikuwa Jenista. Ameshika Biblia kwa mikono miwili. Hakuapa. Alisema, nimekosa, naomba mnisamehe.

Amina! Ofisi nzima, kwa sauti moja, kama waliokuwa wameshikilia pumzi wiki nzima. Mama mchungaji alimkumbatia. Bosi Damiano alilia. Kweli, machozi, akavua miwani akayafuta kwa tai. Nimekusamehe mwanangu, alisema, kutoka moyoni, Jumatatu rudi kazini. Mzee Yonasi akaanzisha wimbo.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Bosi akaniona na karatasi zangu. Kaa, fundi, kaa, mambo yameisha.

Nikakaa.

Baadaye nimemkuta Jenista nje kwenye tangi la maji, anaosha vikombe vya chai. Nikamuuliza umekosa nini? Alicheka kidogo. Dada Tuse, mama mchungaji ndiye alinishauri. Mzee akishashika jambo haachii. Nikiapa sikufanya na yeye haniamini, nimemlazimisha aniite mwongo mbele ya Biblia. Basi yaishe. Na sikuapa uongo, dada. Nilisema nimekosa. Nani hajakosa?

Yaishe. Neno hilo nimelijua tangu utoto, kule kwetu milimani linamaliza kesi ambazo mahakama zingekaa nazo miaka. Mtu anakiri kuku ambaye hakumla, mpaka wa shamba ambao hakuusogeza, na jioni wanakula pamoja. Nimewahi kulisifia. Leo nimelitazama kutoka upande ambao sijawahi kusimama, upande wa mla kuku.

Jenista akaniuliza mbona umepauka, ni baridi? Nikasema baridi.

Na pale pale nilihisi nafuu. Ndogo, ya joto, kama mtu kakuwekea shuka. Sitaki kuiandika lakini ilikuwepo.

Jumamosi, 28 Juni

Nimefua. Nguo hazikauki.

Picha ya mkuu wa shule sasa inafunguka.

Jumatatu, 30 Juni

Naandika kwenye ofisi ya Bosi Damiano, chumba cha nje, daftari liko mapajani. Ni saa nne.

Ameniita asubuhi. Jenista amerudi kwenye meza yake, amewasha heta, anaimba chini chini. Bosi akafunga mlango ili Jenista asisikie, akanionyesha barua kwenye kompyuta ya hapa chumba cha nje. Mzee Ezron hakuwepo kwenye maombi ya Ijumaa na hataki kusikia habari ya maombi. Anataka kwa maandishi: nani, lini, vipi. La sivyo analipeleka suala kwa wanaohusika na taarifa za watu, na anawachukua wateja wenzake.

Barua inasema: tunapenda kuwajulisha kwamba nyaraka zenu zilitolewa na mtumishi wetu, Bi. Jenista Sinkala, ambaye amekiri kosa lake mbele ya mashahidi. Inakwenda kwa wateja kumi na watano, nakala kwa chama cha mawakala hapa mpakani. Chini kuna nafasi mbili za kusaini. Mkurugenzi. Mtaalamu wa mtandao.

Nikasema, bosi, si umemsamehe?

Nimemsamehe kabisa, alisema, akashangaa nimeuliza. Hii ni barua tu.

Na yeye anajua kuhusu hii barua?

Atajua ikifika. Usimvuruge, ndiyo kwanza ametulia.

Nikajaribu kufikiria kwa utulivu, ndiyo kazi yangu. Ikifika kwa hao kumi na watano leo mchana, jioni iko kwenye grupu la madereva, kesho iko kila ofisi kuanzia getini mpaka Nakonde. Kaka yake ataisoma kwenye usukani. Mama yake atasomewa. Baada ya hapo hakuna wakala, huku wala ng'ambo, atakayempa binti huyu karatasi aishike, hata ya kufungia maandazi. Bosi hana ubaya naye. Hilo ndilo linalonitisha, hana ubaya hata kidogo, ana barua.

Amesema nisome kama sehemu ya kitaalamu imekaa sawa, nirekebishe, niprinti, nisaini kwanza mimi. Amerudi chumbani kwake.

Jenista ameniletea chai ya tangawizi. Niliiwahi barua nikaishusha, kwenye skrini ikabaki picha ya bosi na mkewe. Ameuliza kama sukari inatosha. Halafu akasema, dada Tuse, nashukuru wewe hukunisema vibaya hata siku moja, wote waliongea, wewe hukuongea. Akaenda kupanga mafaili.

Hukuongea! Nimekaa na hilo neno mpaka chai ikaota utando.

Nimefungua barua tena. Nimelifuta jina lake. Limebaki pengo kati ya mtumishi wetu na ambaye amekiri. Neno mtumishi nalo si sahihi, mimi si mtumishi wake, ila hilo ni la baadaye.

Nimeingia kwenye akaunti. Upande wa kushoto logi, tarehe kumi na moja, saa nne na dakika arobaini na mbili. Upande wa kulia faili la kizuizi, tarehe yake na saa yake. Nimezikuza herufi ili asome bila miwani. Vidole ni baridi, nimevua glavu.

Fundi, barua tayari? Ni bosi, kutoka ndani.

Nimesema bado. Njoo kwanza uone kitu.

Kitu gani?

Njoo tu, bosi. Ni mimi.

Nasikia kiti kinasogea. Anatafuta viatu vyake chini ya meza. Jenista amesikia neno barua, ameingia, amesimama kwenye printa, ameshika bunda la karatasi, ananiuliza aweke ngapi.

Kumi na tano, bosi amejibu, yuko mlangoni.